UKIFIKA KWENYE MBUZI, ZIMA

Tairi lilikuwa limeshapita kichwani, limekaa mabegani mwa Azhar, nilipoingia gereji.

Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu yake mwenyewe, hapo Cheyo, Tabora mjini, mikono imejaa grisi, kofia yake ya kufuma imekanyagwa na mtu.

Harufu ya petroli ilinipiga kabla sijaona nani kaishika.

Halafu nikaona.

Kidumu alikishika kijana nisiyemjua. Lakini kibiriti... kibiriti kilikuwa mkononi mwa mjomba wangu. Mjomba Shigela. Tumbo moja na mama yangu.

Na mimi kandambili zangu zilikuwa bado na udongo wa kaburi la mdogo wangu.

"Koleta, umefika," akasema kwa upole, kama mtu anayekukaribisha chai. "Sogea uone haki ya Consolatha."

Wadau, kaeni. Hii sikusimuliwa. Na nimekatazwa kuiandika.

*

Mimi shule niliishia la saba. Mengine nimeyaokota kwenye magazeti ya kufungia vitumbua na kwenye redio ya marehemu baba. Kijijini wananiita Mama Hoja, wengine kwa heshima, wengine kwa kunikomoa.

Kijiji chetu kipo mbele ya Kwihara, ukifuata njia ya zamani ya misafara. Wageni wanafika Kwihara kuona tembe, nyumba ya udongo alimokaa Mzungu wa zamani, wanapiga picha, wanarudi mjini kula kuku. Jina la Mzungu lipo kibaoni.

Waliombebea mizigo hawajaandikwa popote.

Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alipita njia hiyo na pembe za ndovu begani, akafa na sugu begani. Hicho ndicho alichoturithisha, habari ya sugu. Na mimi habari hiyo nasimama nayo kila mkutano. Mtendaji akija, nasimama. Mgombea akija, nasimama.

"Tumebeba vya watu miaka yote," nasema. "Lini tutabebwa sisi?"

Wanapiga makofi. Halafu mgombea anaahidi ambulansi. Halafu anaondoka.

Ndiyo maana kikundi chetu cha wafuga nyuki kikachoka kungoja. Tukauza asali, tukauza nta, tukanunua gari, Surf ya zamani, ya dizeli, yenye turbo. Gari kuukuu, rangi imechakaa kama sufuria ya msibani. Tukaliandika ubavuni kwa rangi nyeupe: WAGONJWA.

Dereva akawa mdogo wangu Modest. Mjomba Shigela, kwa kuwa ndiye mwenyekiti, akakaa na funguo ya akiba.

Sheria ilikuwa moja. Gari ni la wagonjwa tu. Halibebi mahindi, halibebi harusi, halibebi kiongozi.

Shida ni kwamba lilikuwa halina nguvu. Ukipakia mgonjwa na wauguzaji wake, likifika kwenye mchanga linakohoa moshi mweusi, watu wanashuka kusukuma. Mgonjwa anaangalia dari tu.

Modest akalipeleka kwa Azhar.

Azhar ni Mwarabu wa Tabora. Ukoo wake ni wafanyabiashara wa siku nyingi, lakini yeye kazaliwa hapa, na Kinyamwezi anaongea kuliko wanangu. Nilienda naye Modest siku hiyo, maana mimi fundi simwamini mpaka nimwone usoni.

"Fundi, tunataka liruke," Modest akasema.

"Likiruka litatua wapi?" Azhar akacheka. "Hii injini ni mzee. Mzee humpi pilipili. Unampa uji na dirisha lenye hewa."

Akatueleza kwa vidole. Turbo, akasema, ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, kazi yake kuilazimishia injini hewa. Akafunga kipoza hewa alichokitoa kwenye gari bovu, maana hewa ikipoa inaingia nyingi. Akabadilisha bomba la moshi, akaweka pana kidogo. Chujio jipya. Mwisho akaigusa nati inayotawala presha ya turbo, akaizungusha kidogo, kidogo kweli, kama unavyopandisha utambi wa taa.

"Ongeza tena basi," Modest akasema.

"Hapana. Hapo panatosha. Ukiongeza zaidi utafurahi wiki, utalia mwaka."

Halafu akatoa mfukoni chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akaipaka ile nati pamoja na chuma kilichoishika.

"Ya mke wangu Sheima, ananitafuta nayo nyumba nzima," akasema. "Mtu akiigusa hii nati, rangi itapasuka. Nitajua."

Tukawasha. Jamani, gari lilivuta. Halikuruka, lilivuta, kama ng'ombe aliyeshiba.

"Kitu kimoja," Azhar akasema. "Mkitoka mwendo mkali, msilizime hapo hapo. Turbo inakuwa imeiva moto. Ukizima, mafuta yanaacha kuzunguka, yanaungulia ndani kama mchuzi uliosahaulika jikoni. Liache lingurume taratibu kwanza, lipoe."

"Kwa muda gani?" Modest akauliza. "Mimi saa sina."

Azhar akamtazama, akatabasamu.

"Nyie Wanyamwezi mkisalimiana, mnaanza na nini?"

"Mwangaluka."

"Halafu?"

"Habari ya nyumbani, wazee, watoto, shamba, nyuki, mvua..."

"Mwisho?"

"Mwisho mbuzi."

"Basi. Salimiana na wenyeji lingali linanguruma. Ukifika kwenye mbuzi, zima."

Tulicheka mpaka Sheima akachungulia dirishani. Lakini ikawa sheria. Modest akirudi kijijini anasimama pale barabarani kwa Mzee Limbu muuza ugoro, ambako gari linalala, mlango wazi, injini inanguruma, anamsalimia mzee yule mpaka kwenye mbuzi. Kisha anazima. Hata watoto wakawa wanamkumbusha. "Modest, mbuzi bado!"

Gari likatubeba. Kuanzia kiangazi mpaka masika likatubeba, na hakuna mtu aliyeshuka kusukuma.

*

Mdogo wangu Consolatha aliumwa na kifutu akiwa anavuna karanga.

Nyoka mnene, mvivu, hakimbii hata ukimkanyaga. Mguu wake ulivimba tukiuangalia. Tukamlaza nyuma ya gari, kichwa chake mapajani kwangu.

"Dada, msimwambie mama," akasema.

"Mama yupo nyuma ya gari anakimbia, utamficha nini?"

Akacheka kidogo. Nashukuru nilimchekesha.

Nikaona kanga yake imenasa magamba ya mti na utomvu mwekundu unaonata. Nikashtuka, nikadhani damu. Nikaugusa, si damu. Nikaufuta tu, sikuwa na nafasi ya kuuliza gari la wagonjwa limenata nini.

Tulikuwa hatujafika Kwihara. Modest anakanyaga mafuta, gari linavuta, mara... likapiga mluzi. Mwembamba, mrefu. Halafu moshi mweupe ukatufunika wote.

Modest akaondoa mguu.

Injini haikushuka. Ikapanda.

Akazima swichi. Ikapanda.

Akachomoa funguo, akanionyesha mkononi, macho yamemtoka. Na injini inalia juu kabisa, peke yake, funguo hii hapa, inalia kama mtu anayechinjwa, mpaka ikapasuka kitu tumboni na kukawa kimya.

Ule ukimya bado ninao masikioni.

Barabara haikuwa na gari lingine. Tukamfunga Consolatha kwenye kanga, tukakata mti, tukambeba. Mbele Modest, nyuma mimi, tukipokezana na wapita njia. Kwenye njia ile ile. Mabegani.

Mimi niliyekuwa nasimama mikutanoni kuuliza lini tutabebwa.

Alifia mbele ya kile kibao chenye jina la Mzungu. Tulipomshusha, mguu wake ulikuwa mweusi na uso wake umetulia kama anayesikiliza.

*

Msibani habari ilienea kabla ya uji. Gari limenguruma bila funguo.

"Ni jini," mmoja akasema.

"Kalifunga nani?"

"Nani aliigusa injini kwa mara ya mwisho?"

Modest alikuwa ameshalivutisha lile gari kwa trekta mpaka kwa Azhar ili lifunguliwe, tujue limekufaje. Azhar alikuwa amekubali bila malipo. Alikuja hata kuzika, akasimama nyuma, akamwaga udongo, akaondoka kimya.

Kumbe watu walikuwa wanamhesabia nyayo.

Baada ya kuzika, Mjomba Shigela alisimama kwenye jukwaa langu. Namaanisha pale pale ninaposimama mimi. Na akasema maneno yangu mimi.

"Ndugu zangu, tumebeba vya watu miaka yote! Babu wa yule Mwarabu alimfunga babu yetu mzigo begani. Leo mjukuu anatufungia jini kwenye gari, ili turudi kubeba. Tutanyamaza?"

Nilikuwa ndani na mama, nimemshika. Niliyasikia kupitia ukutani. Niliyatambua kama unavyotambua nguo yako kwenye mwili wa mwizi.

Nilipotoka, walikuwa wameshapanda Canter kwenda Cheyo. Nikadandia bodaboda.

*

Sasa turudi kwenye tairi.

"Mjomba, shusha hicho kibiriti," nikasema.

"Wewe ndiye uliyetufundisha kukumbuka, Koleta."

"Nimewafundisha kukumbuka. Sijawafundisha kuchoma mtu anayetengeneza gari lenu bure."

"Asiyeuliza malipo ana lake," sauti ikatoka nyuma. Watu wakaguna kukubali.

Modest alikuwa kashikwa na vijana wawili ukutani, shati limechanika. Alikuwa amejaribu kuingilia.

Nikainama mbele ya Azhar. Midomo yake ilikuwa inatembea, anasali. "Fundi," nikamwambia, "umeshaifungua?"

Akaonyesha kwa kidevu. Mezani, juu ya gazeti, turbo ilikuwa imelala imefunguliwa.

"Waambie. Kwa maneno mafupi."

"Dada Koleta, hawatasikia."

"Niambie mimi basi. Mimi ndiye mfiwa."

Watu wakapoa kidogo. Mfiwa hanyimwi neno, hata na wenye petroli.

Azhar akanigeukia. "Rangi ya kucha imepasuka. Mtu ameizungusha nati, kaongeza presha sana. Na ndani mafuta yameungua, yamekuwa mkaa. Hilo gari limevutishwa mzigo mzito, halafu likazimwa hapo hapo likiwa moto. Si mara moja. Kizuizi cha mafuta kimekufa, mafuta ya injini yakapenya kwenye hewa. Injini ikawa inakunywa mafuta yake yenyewe. Dizeli ikishapata cha kuchoma haiulizi funguo. Hakuna jini."

Kisha akasema taratibu, "Ingezibwa njia ya hewa, ingezimika. Hilo sikumfundisha Modest. Hilo ni langu, Mungu anisamehe."

"Umesikia," Mjomba akawageukia watu. "Amekiri."

"Hajakiri, amelia," nikasema.

"Rangi hata yeye anaweza kuipasua. Na kama gari lilizimwa likiwa moto, dereva ni nani? Si Modest?"

Macho yote yakahamia ukutani, kwa Modest. Mjomba alikuwa tayari kumtoa mpwa wake wa pili, Consolatha hata hajapoa kaburini. Na watu walikuwa tayari kumpokea.

Modest akatoa sauti kwa shida. "Mimi sizimi hovyo. Muulizeni Mzee Limbu. Gari linalala kwake."

Mzee Limbu alikuwepo, amekuja kwa ajili ya kupanda Canter. Mzee huyu hasali popote, Jumapili yeye na ugoro wake tu. Ni mzee wa visirani. Usipomsalimia leo, mwaka kesho atakukumbusha.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe angalau unajua mimi nipo."

"Mzee, Modest huwa anazima gari lini?"

"Huyu kijana?" Akajipangusa pua. "Huyu ana adabu. Tunasalimiana mpaka kwenye mbuzi wangu, mmoja mmoja, hata yule kiwete anamuulizia. Ndipo anazima. Sina ugomvi naye."

"Basi hakuna siku gari lilizimwa bila salamu."

Nilisema hivyo kufunga hoja. Kumbe nilikuwa nimekanyaga jipu lake.

"Nani kasema hakuna?" Mzee Limbu akachemka. "Kila Jumapili! Nyie mpo ibadani, mimi nipo kibarazani. Gari linakuja mbio, linazimwa hapo hapo, kimya. Natoka na mwangaluka yangu mdomoni. Mtu ananipita kichwa chini kama nina ukoma! Hatufiki kwenye watoto, seuze mbuzi. Nikasema nitanyamaza, lakini leo umeniuliza. Shigela, mimi nilikukosea nini?"

Gereji nzima ikamgeukia Mjomba.

Mzee hakuwa anatoa ushahidi. Alikuwa anadai salamu yake.

Mjomba akacheka, lakini kicheko kilitoka peke yake bila uso. "Mzee amechanganyikiwa."

Mimi nilikuwa nimeshaenda nyuma ya Surf. Nikafungua mlango. Nikapitisha mkono chini ya zulia, pale alipolala Consolatha. Nikautoa.

Magamba ya mti. Utomvu mwekundu.

"Mninga," akasema yule kijana wa kidumu, taratibu. Anachana mbao, anaijua damu ya mninga.

Ndipo yote yakanijia. Mbao za mninga bila kibali. Nani anasimamisha gari lililoandikwa WAGONJWA kwenye geti la msitu? Wanalifungulia njia mbio, wanamwombea mgonjwa. Mzigo ni mzito, kwa hiyo Mjomba, mwenye funguo ya akiba, anamwambia fundi wa barabarani akaze nati. Na akirudi, hawezi kuliacha lingurume barabarani watu waulize latoka wapi. Hawezi kusimama asalimiwe. Mwenye kujificha hafiki kwenye mbuzi.

Kujificha kwake ndiko kulikoiunguza turbo.

Nikamwekea yale magamba mkononi, juu ya kibiriti.

"Mjomba. Kanga ya Consolatha tumemzikia nayo. Ina haya haya."

Hakukana. Nakumbuka hilo. Alisema tu, "Nilikuwa nataka kikundi kipate gari la pili." Kisha akachuchumaa hapo hapo.

*

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Nilidhani kitalipuka. Nilikuwa nimejiandaa kumkinga mjomba kwa mwili wangu, pamoja na yote.

Hakikulipuka kitu.

Kijana akaweka kidumu chini. Mtu akakohoa. Mzee mmoja wa ukoo akasema, "Haya ni mambo ya ndani. Tuyamalize nyumbani."

"Kweli, mjomba mtu, bwana."

"Shetani alimpitia."

Na mtu mwingine, simjui nani, akakimbia kwenye meza ya Azhar, akachukua kiti cha Azhar, akamwekea Shigela.

"Kaa, mzee wetu. Isije presha ikakupanda."

Wakampepea kwa gazeti. Wakamwomba Sheima maji, naye alikuwa amesimama dirishani analia, akaleta maji.

Mjomba wangu akayanywa.

Na muda wote huo, wadau... muda wote huo Azhar alikuwa bado amepiga magoti, na tairi bado liko mabegani mwake. Hakuna aliyekumbuka kulitoa.

Nililitoa mimi. Zito lile tairi. Lilimwachia alama nyeusi shingoni na begani, mahali pale pale wapagazi walipoota sugu.

*

Kikao cha ukoo kilikaa. Mjomba akatozwa mbuzi. Naam, mbuzi. Akaomba radhi, wakamsamehe, wakamla mbuzi. Mwenyekiti bado ni yeye.

Azhar alilirudisha gari kwa kulivutisha. Nilimfuata kumwomba alitengeneze. Alinipokea vizuri, akanipa kahawa.

"Tafuteni fundi mwingine, dada Koleta," akasema. "Si kwa ubaya. Mimi nikiligusa nasikia harufu ya petroli."

Sasa kuku wanatagia ndani yake, chini ya maandishi WAGONJWA. Mgonjwa akitokea, tunabeba. Modest hapiti tena kwa Mzee Limbu, anazunguka kwa nyuma, na mzee kaanza kumhesabia.

Ukoo umeniambia nikiandika haya nisikanyage misiba yao. Naandika.

Mimi nimekumbuka miaka yote, na sitaacha kukumbuka. Lakini nimejifunza hili kwa kaburi la mdogo wangu. Anayekukumbusha sana ubaya wa babu wa jirani, kapekue kwanza nyuma ya gari lake. Na watu wanaokuja na tairi kwa jirani na kiti kwa mjomba hawakufuata haki. Walifuata mtu wa kuchoma.

Wapagazi hawakuandikwa kibaoni. Mdogo wangu naye hataandikwa.

Basi mimi nimeandika hapa. Aliyekufa anaitwa Consolatha. Aliyemuua anaitwa Shigela, na ni mjomba wangu.